Bandama Haiulizi Kama Ulikusudia



Katika kanda yetu kandanda ni starehe ya kila jioni, kuanzia uwanja wa Kambarage mjini Shinyanga hadi viwanja vya vumbi kando ya machimbo ya dhahabu ya Geita. Sisi wauguzi twaufurahia mchezo huu pia. Lakini Jumapili jioni twajua kwamba majeruhi watakuja.

Jumapili moja tulipokea kijana wa miaka 17 kutoka kijiji cha wachimbaji. Yeye na beki waliurukia mpira wa juu, goti la beki likampiga ubavuni upande wa kushoto. Refa hakupuliza filimbi, akisema beki hakukusudia. Mashabiki wakaanza kubishana: alikusudia, hakukusudia. Saa nzima ikapita huku kijana amelazwa chini ya mti, akilalamika kwamba bega la kushoto linamwuma.

Alipofika kwetu alikuwa ameishiwa nguvu na jasho baridi likimtoka. Bandama ilikuwa imepasuka. Daktari aliitoa, na kijana akapona. Wa kwanza kumtolea damu alikuwa beki yule yule. Tuliamini kabisa kwamba hakukusudia. Lakini bandama haikumwuliza.

Je, sheria yasemaje?

Zamani, ili mchezaji aadhibiwe kwa rafu, ilibidi refa aone kwamba alikusudia. Mwaka 1995 sharti hilo liliondolewa kwa makosa kama kupiga teke, kurukia na kusukuma. Sasa refa hutazama jinsi mchezaji alivyocheza:

1. Bila uangalifu: ni mpira wa adhabu tu.
2. Bila kujali hatari kwa mwenzake: kadi ya njano.
3. Kwa nguvu iliyozidi kiasi: kadi nyekundu.

Mwezi Septemba 2017 huko Uingereza, Sadio Mané wa Liverpool aliinua mguu kuufuata mpira, akampiga usoni Ederson, golikipa wa Manchester City. Macho yake yalikuwa kwenye mpira. Hata hivyo alipewa kadi nyekundu.

Wengine husema huko ni kumwonea mtu aliyepatwa na bahati mbaya. Sisi twaona sivyo. Filimbi haisemi kwamba kijana ni mwovu. Yamfundisha kuangalia mwili wa mwenzake kabla ya kuruka tena.

Kwetu jambo hili ni zito zaidi. Malaria ya mara kwa mara na kichocho cha tumbo huvimbisha bandama hadi ikatokeza chini ya mbavu, na ikivimba hupasuka kwa urahisi. Kwa hiyo:

- Mtoto aliyeugua malaria karibuni apimwe tumbo kabla ya kurudi uwanjani.
- Aliyepigwa tumboni akiona kizunguzungu, akitokwa jasho baridi, au akiumwa tumbo au bega la kushoto, apelekwe hospitali mara moja, hata kama dakika chache zilizopita alikuwa akitembea.
- Asipewe chakula, kinywaji wala aspirini, na tumbo lisichuliwe.
- Kila timu ipange kabla ya mchezo ni chombo gani kitakachobeba majeruhi.

Kama alikusudia au hakukusudia, swali hilo lingojee. Kwanza mfikisheni mgonjwa hospitali.