Je, Wajua? Intaneti na Uamuzi wa "Mmm"

Je, wajua kwamba IETF, chombo kinachoandaa viwango vya kiufundi vya intaneti tangu 1986, hakipigi kura? Mwenyekiti wa kikao huuliza swali, wanaokubali wakavuma "mmm" midomo imefungwa, kisha ikaja zamu ya wanaopinga. Mtaalamu wa majina ya vikoa, yaani anwani za tovuti, hata akilipiwa nauli na kampuni kubwa, humo ndani ni mtu binafsi tu.

Msomaji wa Magu atasema hayo ameyaona Bujora, Kisesa, wakati wa Bulabo, tamasha la ngoma la Wasukuma, makundi ya Bagika na Bagalu yanapopambana kwa ngoma na ushindi ukaenda kwa aliyevuta umati mkubwa. La hasha! Kwenye IETF umati haushindi. Mwaka 2014 walitoa waraka mzima, RFC 7282, kulieleza jambo hilo: watu mia wakivuma ukumbi ukatetemeka, na mmoja ana pingamizi la kiufundi ambalo hakuna aliyelijibu, basi hawajaafikiana. Kwangu mimi huo ni mtihani mgumu kuliko kura, maana huwezi kuja na wapambe.

Wanachojadili si cha mbali. Ukiandika magudc.go.tz, anwani ya Halmashauri ya Wilaya ya Magu, kompyuta huifuata kutoka kulia: seva za mzizi huelekeza ilipo .tz, kisha hutafutwa go.tz, mwisho magudc. Utaratibu huo Paul Mockapetris aliuandika Novemba 1987 katika RFC 1034 na 1035, na ndio tunaoutumia hadi sasa.

.tz imewahi kusimamiwa na tzNIC, iliyoanzishwa 2006, na ndani ya .tz kuna hata hotel.tz. Lakini vikoa vya nchi navyo hubadilika: majirani zetu wa Kongo walikuwa na .zr enzi za Zaire. Nchi ilipobadili jina 1997 ikaja .cd, na .zr ikafutwa 2001.

ICANN, inayoratibu majina hayo duniani, imekutana Nairobi Machi 2010 na Kigali Juni 2024. IETF, hadi mwisho wa 2025, haikuwa imeleta mkutano wake mkuu Afrika hata mara moja. Hapo wanastahili lawama. Hata hivyo, unaweza kushiriki kwa mtandao ukiwa Magu, na ada ikikushinda unaruhusiwa kuomba msamaha wa kulipa. Huko mtandaoni huvumi: unabonyeza kitufe cha kunyoosha mkono. Nyaraka zote ni za bure, anza na RFC 1034.