Shamba lililoota pori: Kukodi au kuacha?

WILAYANI Kakonko, iliyomegwa kutoka Kibondo mwaka 2012, mkulima anayetafuta shamba la kukodi kabla ya mvua kuanza huvutwa na bei ndogo ya shamba lililoota pori. Lakini kodi si gharama yote.

Tuseme kodi ya ekari ni sh. 60,000 kwa mwaka, na kufyeka na kung'oa visiki ni sh. 90,000. Mwaka wa kwanza atatumia sh. 150,000, wakati shamba safi la jirani linakodishwa sh. 100,000. Akilima mwaka mmoja tu, amepoteza sh. 50,000. Akipewa miaka mitatu, wastani unashuka hadi sh. 90,000 kwa mwaka.

Magugu nayo yachunguzwe. Sangari na ndago hazifi kwa kufyekwa. Huchipua tena kutoka ardhini. Kiduha hunyonya mahindi na mbegu zake hukaa udongoni miaka mingi. Hapo ni afadhali maharage.

Mwisho, serikali ya kijiji na majirani wathibitishe mwenye shamba, na muda uandikwe mbele ya mashahidi. Bila hivyo, shamba likishasafishwa mwenyewe anaweza kulichukua, na jasho la mpangaji likapotea bure.