Bastola za vita vya zamani: kwa nini bei inapanda, na kwa nini ile ya sandukuni haileti utajiri

Katika mwaka wa 2017, ku Marekani, bastola moja ya vita iliuzwa ku mnada kwa zaidi ya dola 400 000. Haikuwa na dhahabu wala almasi. Ilikuwa M1911A1, silaha ya kawaida ya askari Mmarekani wa vita vya pili vya dunia. Lakini ilitengenezwa na Singer, kampuni ile ile ya mashini za kushona.

Habari kama hizi zinafika mbio ku telefone. Kandokando ya ziwa Tshangalele na ndani ya Likasi, fasi vita vilipita, mtu anaweza kujiuliza: ile bastola ya babu iliyobaki sandukuni, inaweza kuleta feza ngapi?

Bei inatoka wapi?

Kwanza, uchache. Singer ilitengeneza bastola 500 tu, sawa majaribio, kisha ikapewa kazi ingine ya jeshi. Remington Rand, kampuni ya mashini za kuandikia, ilitengeneza zaidi ya 800 000 za aina ile ile. Zote zinapiga sawasawa, lakini ya Remington Rand kwa kawaida inauzwa dola elfu chache tu.

Pili, alama. Mkusanyaji anachunguza namba na mihuri. Mfano ni Browning GP 35 ya fabriki ya FN, kule Herstal, Ubelgiji. Wajerumani walipoteka Ubelgiji mwaka wa 1940, fabriki iliendelea kufanya kazi chini yao, na bastola zikapigwa muhuri wa jeshi la Ujerumani. Ku Kanada, kampuni John Inglis ilitengeneza bastola ile ile kwa ajili ya China na wengine. Muhuri mdogo unabadilisha bei, ndiyo maana walaghai wanapiga mihuri ya uongo. Namba ikisuguliwa ao kipande kikibadilishwa, bei inaanguka.

Tatu, historia yenye karatasi. Mnunuzi anataka kujua nani aliibeba na wapi. Tena, bastola za wakati ule haziongezeki, nyingi ziliyeyushwa. Matajiri wanazinunua sawa akiba, na bei inapanda.

Silaha za vita vya Katanga

Likasi iliitwa Jadotville. Mwezi wa Septemba 1961, maaskari Waairlandi wa Umoja wa Mataifa, zaidi kidogo ya 150, walizungukwa pale na jandarmeri ya Katanga. Wenzao waliotumwa kuwaokoa walizuizwa ku daraja la Lufira, mto ule unaojaza Tshangalele. Kisha siku tano, wakiishiwa maji na risasi, waliweka silaha chini. Januari 1963, maaskari wa Umoja wa Mataifa waliingia Jadotville, na kujitenga kwa Katanga kukaisha mwezi ule ule. Majandarme wengi walivuka mpaka kwenda Angola na silaha zao.

Historia ni kubwa. Lakini haitoshi kufanya bastola yenye kutu kuwa mali.

Kwa nini hapa haiuziki

Katika Kongo, Ordonansi-sheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985 inaomba ruhusa ya serikali kwa kila mwenye kushika silaha ya moto. Bila karatasi, hakuna nyumba ya mnada yenye kufuata sheria itakayoipokea, na kuivusha mpaka kwa siri ni kosa ingine. Mnunuzi anayebaki ni yule anayetaka kuitumia usiku. Atalipa kidogo, na jirani ndiye atakayelipa deni lenyewe.

Pia kuna hatari ya mkono. Chuma kilicholiwa na kutu kinaweza kupasuka, na risasi ya miaka 60 ingali inaweza kuua.

Anayekuta silaha ya zamani asivute kifyatulio, asijaribu kuisafisha wala kutoa risasi. Aiache palepale, aweke watoto mbali, na asiibebe barabarani. Anayeogopa kwenda ku polisi peke yake aende pamoja na chefu wa kijiji, waeleze fasi iko, polisi ijichukulie yenyewe.

Kama familia inataka kulinda jina la babu, kuna vitu visivyoua: picha zake, karatasi zake za jeshi, na maneno ya wazee wangali wanakumbuka. Hivyo ndivyo hata wakusanyaji wa ng'ambo wanavitafuta.