Chama cha Kijiji na Nyumba Yenye Taabu

Ndugu msomaji, katika kila kijiji iko nyumba moja au mbili ambazo moshi wake hauonekani kila jioni. Wewe waijua ya kwenu. Huenda baba alifariki, au mama ni mgonjwa, au mvua ilikosa mara mbili mfululizo na mbuzi wa mwisho akauzwa. Watu wa nyumba hiyo hawahitaji mali nyingi. Wanachokosa ni vitu vidogo: unga, chumvi, sabuni, blanketi, sufuria isiyotoboka, na sare ya mtoto wa shule.

Lakini vitu vidogo hivyo vikikosekana vyote pamoja, shamba nalo hufa. Mtu mwenye njaa hana budi kwenda kulima shamba la mwenzake ili apate chakula cha leo, na shamba lake mwenyewe hubaki na magugu. Mavuno yakifika hana kitu, na mwaka unaofuata taabu ni ile ile, tena imezidi.

Mwezi huu nataka kueleza jinsi chama cha kusaidiana, kisichotafuta faida, kinavyoweza kuikata kamba hiyo. Nitaeleza pia kwa nini vyama vingi huwasaidia wenye nafuu na kumwacha nje yule mwenye taabu kuliko wote.

DESTURI HII SI NGENI

Wazee wetu hawakungoja kufundishwa kusaidiana. Wakikuyu waliiita kazi ya pamoja ngwatio, Wakamba mwethya, na Wajaluo saga. Majirani walilima shamba la mmoja leo na la mwingine kesho, na mwenye shamba alitoa chakula.

Mwaka 1952 chama cha Maendeleo ya Wanawake kilianzishwa, na vilabu vyake viliwakusanya akina mama kujifunza kazi za nyumbani na usafi. Baada ya Uhuru wa mwaka 1963, wanawake wa Kenya ya Kati walifanya vikundi vilivyojulikana kama vikundi vya mabati. Kila mmoja alitoa fedha kidogo, na zilipotimia waliezeka nyumba ya mwenzao mmoja, halafu ya mwingine, kwa zamu.

Fikiri faida yake. Nyumba ya mabati haidai nyasi mpya kila mara. Mahindi yaliyo ndani hayaloweshwi na mvua. Ukitia mfereji chini ya paa, maji ya mvua huingia katika pipa, na mama huenda mtoni mara chache. Saa anazookoa huzitia katika shamba lake. Basi waona kwamba msaada mzuri ni ule unaompa mtu nafasi ya kufanya kazi yake mwenyewe.

FEDHA ZIGAWANYWE MAFUNGU MATATU

Siku hizi vyama vingi ni vya mchango wa zamu: kila juma wote hutoa, na mmoja hupokea. Ni jambo jema, lakini lina upungufu. Ugonjwa hauji kwa zamu. Anayepatwa na shida leo huenda zamu yake ni baada ya miezi minne.

Kwa sababu hiyo yafaa mchango ugawanywe. Tuchukue mfano wa chama cha watu 20, na kila mmoja atoe shilingi 100 kwa juma. Jumla ni shilingi 2,000. Zigawanywe hivi:

(1) Fungu la zamu: shilingi 70 kwa kila mtu. Anayepokea apata shilingi 1,400.
(2) Fungu la akiba: shilingi 20 kwa kila mtu. Kwa juma moja ni shilingi 400.
(3) Fungu la msaada: shilingi 10 kwa kila mtu. Kwa juma moja ni shilingi 200.

Majuma 20 yakiisha, kila mtu amekwisha kupokea zamu yake, akiba imefika shilingi 8,000, na fungu la msaada shilingi 4,000. Shilingi 10 ni kitu kidogo, lakini haba na haba hujaza kibaba.

Fungu la akiba hukopeshwa wanachama kwa faida ndogo, kwa kununua mbegu au vifaranga, na mwisho wa mwaka hugawanywa. Fungu la msaada halikopeshwi kamwe. Hilo hutolewa tu, kwa ugonjwa, kwa msiba, au kwa nyumba iliyoishiwa kabisa. Chama kisichotenga fungu hili tangu siku ya kwanza, siku ya shida hulazimika kupitisha kofia, na kofia hupita vizuri kwa mtu anayependwa, lakini kwa mwingine hurudi tupu.

Na sanduku je? Mwaka 1991 shirika la CARE lilianza kuwasaidia wanawake wa vijijini huko Niger kuweka akiba na kukopeshana wenyewe, bila benki. Njia hiyo imeenea sana Afrika, hata hapa kwetu. Vikundi vingi vinavyoifuata huwa na sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu mbalimbali. Sanduku halifunguliwi ila mkutanoni, mbele ya wote. Hakuna mtu anayeambiwa kuwa si mwaminifu, wala hakuna anayetiwa katika majaribu.

GHALA LA CHAMA

Fedha si msaada wa pekee. Sisi ni wakulima, na msaada wa mkulima huanza ghalani.

Wakati wa mavuno, kila mwanachama atoe gorogoro 2 za mahindi. Gorogoro moja ni kilo 2 hivi. Watu 20 watatoa kilo 80, karibu gunia zima la kilo 90. Nyumba ya watu watano inayotumia kilo 2 kwa siku italishwa siku 40 kwa mahindi hayo. Na siku 40 tangu kupanda ni muda unaotosha palizi ya kwanza na ya pili! Mama aliyepewa chakula wakati huo hataenda kufanya kibarua. Atapalilia shamba lake mwenyewe, na msimu ujao yeye naye ataleta gorogoro zake mbili. Ukimpa chakula hicho baada ya magugu kushinda mahindi, umemlisha tu, lakini hukumwondolea taabu.

Lakini angalia sana mahindi yasiwekwe na unyevu. Mwaka 2004, hasa katika Makueni na Kitui, watu 317 walipatwa na ugonjwa wa sumu ya ukungu wa mahindi, iitwayo aflatoksini, na 125 kati yao walikufa. Sumu hiyo haiondoki kwa kupika. Chama kitakachogawa mahindi yenye ukungu kitakuwa kimegawa mauti.

Iko njia rahisi ya kupima. Chukua chupa kavu yenye kifuniko, tia mahindi mpaka robo yake, ongeza vijiko vichache vya chumvi kavu, funga, utikise vizuri kwa dakika chache. Iache itulie kwa robo saa. Chumvi ikiganda katika ukuta wa chupa, mahindi bado ni mabichi. Yaanike tena juu ya turubai, si juu ya udongo mtupu. Isipoganda, hali ni nzuri zaidi, lakini penye mashine ya kupimia yapimwe pia, kwani unyevu unaotakiwa hauzidi 13.5 kwa mia. Kisha yatiwe katika mifuko isiyopitisha hewa, juu ya mbao, mbali na ukuta.

NYUMBA ISIYOKUJA MKUTANONI

Sasa nafika penye jambo gumu. Niruhusu nieleze lililotupata nyumbani kwetu.

Nilipokuwa mtoto, mama yangu alikuwa mwanachama wa kikundi kimoja cha kijiji. Mwaka ule mvua ilikosa, naye akashindwa kutoa mchango kwa majuma matatu. Katika mkutano wa nne jina lake lilisomwa mbele ya watu wote pamoja na deni lake. Alirudi nyumbani, akatundika kanga yake ya mkutano, na hakuenda tena. Miezi michache baadaye kikundi kiligawa mablanketi. Mimi na dada yangu tulisimama penye ua tukiwatazama akina mama wakipita nayo kichwani. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Sheria yao ilisema mwenye kutoa ndiye mwenye kupokea, nao waliifuata. Lakini katika nyumba zote za pale, yetu ndiyo iliyokuwa na haja ya blanketi kuliko nyingine.

Leo nafanya kazi ya ukarani katika ofisi ya kilimo, na neno hilo naliona tena na tena. Ikitangazwa kwamba kuna mbegu au mafunzo, wanaofika ni wale wale. Mwenye taabu hasa hayumo katika orodha. Ana haya ya nguo yake, au hana nauli, au yuko kibaruani. Kumngoja aje ni sawa na kumkataa.

Kwa hiyo nashauri chama kiweke kanuni hizi nne:

(1) Mtu akikosa mikutano miwili, watu wawili waende kwake. Waende kumjulia hali, si kudai deni. Waende wakati wa mchana, watazame paa, ghala na jiko.

(2) Asiyeweza kutoa fedha atoe kazi. Siku moja ya kupalilia shamba la chama, au kutunza watoto wakati wa mkutano, iandikwe daftarini kama mchango kamili. Hivyo hapokei sadaka, anapokea haki yake.

(3) Madeni yasisomwe hadharani. Mweka hazina amwambie mhusika faraghani.

(4) Msaada utolewe kwa kitu kinachohitajiwa. Kama haja ni sabuni na unga, zinunuliwe hizo. Kama ni dawa, mtu aende naye hospitali. Na msaada uwe na muda unaojulikana, kama majuma sita, halafu wajumbe waende tena kutazama. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

Huenda utasema, “Je, wavivu hawatakuja kula mali ya chama?” Pengine mmoja atakuja. Lakini jirani zake wanamjua, na kanuni ya pili itampa jembe. Ni afadhali kumlisha mvivu mmoja kwa majuma sita kuliko kufunga mlango ambao mjane na watoto wake wangepitia.

DAFTARI

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kila chama kiwe na daftari tatu: ya michango, ya akiba na mikopo, na ya msaada uliotolewa. Kila anayetoa aone jina lake likiandikwa, na kila anayepokea atie sahihi au alama ya kidole. Kama wako wasiojua kusoma, hesabu isomwe kwa sauti kabla sanduku halijafungwa: tulikuwa na kiasi gani, kimeingia kiasi gani, kimetoka kiasi gani.

Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, watu wengi hutuma michango yao kwa simu. Ni njia njema, hasa kwa aliye mbali. Lakini ujumbe wa simu si daftari. Simu huibwa, au huanguka majini. Mwandishi anakili kila ujumbe katika daftari siku ile ile, na kama fedha zaingia katika simu ya mtu mmoja, zitolewe na kuhesabiwa katika mkutano unaofuata.

Mwisho, andikisheni chama chenu. Sheria ya Kuandikisha Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 yaeleza namna ya kufanya. Mkusanyike watu wasiopungua 10, mtunge katiba fupi, mchague viongozi, mwandike kumbukumbu za mkutano huo, kisha mwende kwa afisa wa maendeleo ya jamii aliye karibu nanyi. Chama chenye cheti chaweza kufungua hesabu benki na kuomba msaada kwa serikali au kwa shirika lolote. Chama kisichokuwa nacho ni vigumu kuaminiwa.

Haya, ndugu msomaji, nakupa kazi moja ya mwezi huu, kama nilivyofundishwa zamani chuoni kuwapa watoto wa darasa. Keti na wenzako wa chama, mhesabu nyumba zote za kijiji chenu, za wanachama na za wasio wanachama. Kila nyumba ikitajwa, jiulizeni: ni nani kati yetu aliyeingia humo mwezi uliopita? Mkifika penye nyumba ambayo hakuna aliyeingia, iandikeni jina. Kesho yake watu wawili wabebe gorogoro moja ya unga na kipande cha sabuni, wabishe hodi.