Miembe ya Tabora ilipona, miche yetu inakufa. Kwa nini?

Leo nataka tuongelee miti ya mjini, na naomba msinikimbie, maana najua mtu akisikia neno "mazingira" anafikiria hotuba na kofia za bure.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Nikiwa kidato cha pili hapa hapa Tabora, kila mwanafunzi alipewa mche mmoja aupande kando ya barabara ya kwenda shuleni. Ilikuwa mwanzoni mwa Aprili. Mgeni rasmi akaja, picha zikapigwa, soda tukanywa. Juni tukafunga shule. Tuliporudi Julai mche wangu ulikuwa kijiti kikavu, na wa jirani yangu mbuzi walishaumaliza kabisa. Katika safu nzima ilibaki miche haifiki kumi, na yote ilikuwa jirani na bomba la nyumba ya mwalimu mmoja, pale watu walipokuwa wanafulia. Mwaka uliofuata tukachimba tena mashimo yale yale!

Mimi si mtaalam wa misitu, elimu yangu ni ya sekondari tu. Ila lile bomba lilinifundisha kitu.

Tuanze na kalenda. Siku ya Taifa ya Kupanda Miti zamani ilikuwa 1 Januari, ikahamishiwa 1 Aprili mwaka 2000. Siku hizi sherehe nyingi zinaenda pamoja na Siku ya Misitu Duniani, 21 Machi. Kwa mtu wa Pwani hiyo ni sawa tu, masika ndiyo yanaanza. Lakini sisi Tabora tuna msimu mmoja wa mvua, unaanza Novemba na kufika Aprili unaaga. Kwa hiyo mche unaopandwa siku ya sherehe unapata mvua mbili tatu, halafu unaachiwa Mei, Juni, Julai, Agosti, Septemba na Oktoba peke yake, na mizizi yake bado inalingana na kile kipakti ulichotokea. Huo ni kama kumwachisha mtoto ziwa siku aliyozaliwa. Kwetu wakati wa kupanda ni Desemba, ardhi ikishalowa vizuri, ili mti upate miezi minne ya kushusha mizizi kabla ya kiangazi.

Sasa hesabu ya ndoo. Tuseme mche wa barabarani unahitaji ndoo moja ya lita 20 mara mbili kwa wiki. Kuanzia Mei hadi Oktoba ni wiki kama 26, yaani ndoo 52 kwa mti mmoja, lita 1,040. Ukipanda miti 1,000 mjini unahitaji lita milioni moja na elfu arobaini kwa kiangazi kimoja. Boza la lita 10,000 litakwenda safari 104. Na si kiangazi kimoja tu, cha pili nacho mti bado mtoto. Basi ukiona mpango wa miti ya mji una bajeti ya miche, koleo na mgeni rasmi lakini hauna dereva wa boza na mafuta yake, jua huo ni mpango wa kuchimba mashimo. Ni bora mji upande miti 200 na kuinywesha kuliko 1,000 ya kupiga picha. (Kuna lile lengo la kila halmashauri kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka. Hiyo mingi ni ya mashambani na misituni, ni habari nyingine. Mimi naongelea kivuli cha mtaani.)

Hebu sasa tuangalie miembe. Mwembe si mti wa asili ya Unyamwezi wala ya Afrika, umetoka Asia ukaingia kwetu kupitia Pwani. Ile njia ya misafara ya pembe na watumwa, Bagamoyo hadi Ujiji, kama kilomita 1,200, tangu mwaka 2006 iko kwenye orodha ya awali ya UNESCO ya urithi wa dunia, na Kwihara yetu imo, pale kwenye tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872. Mpaka leo miembe mikubwa ni alama ya njia ile. Wengi tumesimuliwa kwamba iliota yenyewe kwa makokwa waliyotupa watumwa na wapagazi njiani. Inawezekana kwa baadhi. Ila fikiria: Burton na Speke waliondoka Pwani Juni 1857 wakafika Kazeh, ndiyo Tabora hii, Novemba. Kokwa la embe likikauka linakufa, halikai miezi mitano kwenye mzigo likaota. Kwa hiyo naona mwembe ulitembea kituo kwa kituo: unapandwa, unazaa, kokwa linasogezwa mbele. Maana yake pale njiani walikuwepo watu wa kuutunza kila ulipofika, wengine wakiwa watumwa ambao hawakuchagua kufika huko. Na mwembe wa uani unapata maji bila bajeti. Bibi yangu hajawahi kumwagilia mwembe wake, yeye anamwaga tu maji ya vyombo.

Mti wa barabarani je, ni wa nani? Barabara ya mtaa iko chini ya TARURA, barabara kuu ni TANROADS, waya juu ni TANESCO, bomba chini ni TUWASA, mche umetoka labda kwa TFS, na usafi ni wa manispaa. Kila mmoja ana kazi yake halali, ila mti hauko kwenye daftari la yeyote kati yao. Kuna miji imeamua kuuandika. Melbourne, Australia, iliupa kila mti namba na anuani ya barua pepe ili wananchi waripoti tawi lililovunjika, watu wakaanza kuiandikia miti barua za mapenzi! Sisi hatuhitaji mambo hayo. Daftari la kaunta linatosha: namba, aina, mwaka uliopandwa, nyumba iliyo mbele yake, nani anaunywesha.

Daftari lingesaidia pia kwenye kukata. Watu wetu wakiona mti umegusa waya wanaukata kichwa wote. Mti unachipua matawi mengi yaliyoshikia juu juu tu, kidonda kinaoza, halafu upepo wa Novemba unaangusha tawi kwenye bati la mtu na lawama zinakwenda kwa mti. Dawa ni kuchagua mapema: chini ya waya weka mti mfupi, mwembe na mkrismasi vipewe nafasi yao. Na barabara inaweza kukwepa mti pia. Nairobi mwaka 2020 mugumo wa zaidi ya miaka mia uliokuwa njiani mwa barabara mpya ya Expressway uliokolewa kwa amri ya serikali.

Kinachonisumbua zaidi ni mrithi. Pale Ujiji, mwembe ambao inaelezwa Livingstone na Stanley walikutana chini yake mwaka 1871 ulishakufa, lakini inaelezwa kuwa iliyosimama sasa ilitokana na ule ule. Kuna mtu aliwaza mapema. Miembe ya Kwihara na ya mitaani kwetu inazeeka yote kwa pamoja, na chini yake nikipita naona vibanda vya chipsi na bodaboda, mche sijauona.

Mliopo Isevya, Ng'ambo, Cheyo na Gongoni, hebu tajeni hapa: mbele ya kwenu kuna mti gani, na nani anaumwagia maji? Mimi naanza na daftari la mtaa wetu Jumamosi hii.