Kumchagulia Mtoto Kifaa cha Kupima Sukari Mfululizo

Kisukari cha aina ya kwanza, ambacho ndicho huwapata watoto wengi wenye maradhi ya kisukari, hutokea pale kinga ya mwili inaposhambulia na kuziharibu seli za kongosho zinazotengeneza insulini, yaani homoni inayoiwezesha sukari kuingia katika seli na kutumika kama nishati. Mtoto wa namna hiyo huishi kwa kupewa insulini kila siku, na kiasi cha kumpa hakiwezi kukadiriwa vyema bila kujua sukari yake iko wapi, kwa sababu insulini ikipungua sukari hupanda na damu huweza kujaa asidi ya kuhatarisha maisha, na insulini ikizidi sukari hushuka hadi mtoto akatetemeka, akatokwa na jasho, akachanganyikiwa, au akazimia. Kwa miongo kadhaa familia zimetegemea kutoboa kidole na kuweka tone la damu kwenye kijiti cha glukomita, njia inayotoa namba ya kutegemewa kwa wakati huo mmoja, lakini isiyoweza kueleza yaliyotokea kati ya kipimo kimoja na kingine, hasa usiku.

Kifaa cha kupima sukari mfululizo kilibuniwa ili kuziba pengo hilo. Cha kwanza kuidhinishwa nchini Marekani, mwaka 1999, kilikuwa chombo cha daktari: mgonjwa alikivaa kwa siku tatu bila kuona namba zozote, kisha akakirudisha kliniki ili zisomwe. Vifaa vya leo huonyesha namba papo hapo. Sehemu yake kuu ni kihisi, ambacho ni uzi mwembamba, laini, unaoingizwa chini ya ngozi kwa sindano inayotoka mara moja na kuuacha uzi peke yake. Uzi huo hupakwa kimeng'enya kinachokutana na glukosi na kuzalisha mkondo mdogo wa umeme, na kadiri glukosi inavyokuwa nyingi ndivyo mkondo unavyoongezeka. Juu ya ngozi hubaki kidude kidogo kilichoshikwa na gundi, ambacho hurusha matokeo kwa mawimbi ya blututhi hadi kwenye simujanja au kipokezi maalumu, kila baada ya dakika 5 kwa vifaa vya Dexcom, na kila dakika kwa FreeStyle Libre 3.

Ni muhimu mzazi aelewe kwamba kihisi hakipimi damu yenyewe, bali hupima majimaji yanayozizunguka seli chini ya ngozi, ambako sukari hufika kwa kuchelewa kidogo. Sukari inapotulia, tofauti hiyo haionekani. Inapopanda au kushuka kwa kasi, namba ya kifaa huweza kuwa nyuma ya ile ya damu kwa dakika 5 hadi 15 hivi. Kinachofidia uchelewaji huo ni mshale unaoonyesha mwelekeo. Mtoto anayejiandaa kucheza mpira baada ya masomo huku glukomita ikionyesha milimoli 5.6 kwa lita huonekana yuko salama kabisa, lakini 5.6 yenye mshale ulioelekea chini, ikiwa sukari inapungua kwa milimoli 0.1 kila dakika, maana yake ni kwamba baada ya dakika 17 tu atafika 3.9, kiwango ambacho chini yake sukari huhesabiwa kuwa imeshuka. Namba ni ileile, ila mmoja ataruhusiwa kuingia uwanjani na mwingine atapewa kwanza kitu cha kula.

Kutokana na hilo, jambo la kwanza la kuzingatia katika kuchagua ni kengele, yaani sauti ya kifaa inayotahadharisha sukari inapovuka mpaka uliowekwa. FreeStyle Libre ya kwanza, iliyoingia soko la Ulaya mwaka 2014, haikuwa na kengele. Ilimbidi mtumiaji apitishe kisomaji juu ya kihisi ili aone namba, na kihisi kilihifadhi kumbukumbu za saa 8 tu. Kwa mtu mzima anayeweza kujihisi sukari yake inashuka, mpangilio huo ulitosha. Kwa mtoto wa miaka mitano aliyelala, ambaye hata akiwa macho huenda asijue kueleza anachohisi, kifaa kisicho na kengele huiacha hatari kubwa zaidi mahali ilipokuwa. Libre 2 na Libre 3 zina kengele, na vifaa vya Dexcom G6 na G7 vina onyo la dharura la milimoli 3.1 ambalo mipangilio ya kawaida hairuhusu lifutwe.

Hata hivyo, kengele hufaa pale tu panapokuwa na mtu wa kuisikia. Mawimbi ya kihisi hufika mita 6 hadi 10 hivi, na kuta huyapunguza, kwa hiyo simu iliyo chumba cha tatu huweza kukosa taarifa. Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki simujanja ni moja, nayo huondoka na mzazi asubuhi, huku mtoto akibaki na bibi au dada wa kazi, au akienda shule ambako simu haziruhusiwi. Kwa familia ya aina hiyo kipokezi maalumu, kinachokaa na mtoto mchana na kando ya kitanda usiku, huwa na thamani kuliko programu nzuri iliyomo katika simu iliyo safarini. Baadhi ya vifaa humwezesha mzazi kuifuatilia sukari ya mtoto akiwa mbali, lakini huduma hiyo huhitaji simu karibu na mtoto pamoja na intaneti pande zote mbili, na ni lazima kuhakikisha kabla ya kununua kwamba programu inakubali simu iliyopo na inapatikana katika nchi husika.

Jambo la pili ni umri na mwili wa mtoto. Dexcom G6 na G7 ziliidhinishwa kwa watoto wa kuanzia miaka 2. Libre 2 ilipoidhinishwa Marekani mwaka 2020 ilianzia miaka 4. Na Eversense, ambayo kihisi chake hupandikizwa na daktari chini ya ngozi, ilikusudiwa watu wazima. Mahali pa kubandika pia hutofautiana, kwani Libre huwekwa nyuma ya mkono wa juu, ilhali Dexcom huruhusu wadogo wabandikwe sehemu ya juu ya makalio, jambo linalowafaa watoto wembamba na wale wasioacha kukibandua. Gundi huweza kuwasha na kutoa vipele, na katika joto la Dar es Salaam au Mombasa jasho huilegeza kabla ya siku zake. Vihisi ambavyo havijafunguliwa navyo vina kikomo cha joto, kwa kawaida kisichozidi nyuzi 30, kiwango ambacho chumba kilichoezekwa bati hukivuka kwa urahisi.

Jambo la tatu ni usahihi. Watengenezaji huueleza kwa wastani wa tofauti kati ya namba za kifaa na za damu, unaotolewa kwa asilimia, na vifaa vya sasa hucheza kwenye asilimia 8 hadi 10, kwa hiyo tofauti ndogo baina ya chapa hazistahili kuamua ununuzi. Zinazostahili kuulizwa ni dawa anazotumia mtoto. Haidroksiyurea, wanayopewa watoto wengi wenye selimundu, huifanya Dexcom ionyeshe sukari ya juu kuliko ilivyo, na mzazi anayeongeza insulini kwa kuiamini namba hiyo huweza kumdhuru mwanawe. Vitamini C kwa wingi hufanya vivyo hivyo kwa Libre, na parasetamoli kwa baadhi ya vihisi vya Medtronic. Mtoto akilalia kihisi, nacho huweza kuonyesha sukari imeshuka wakati haijashuka. Ndiyo maana glukomita haiwekwi kando: namba isipolingana na hali ya mtoto, kidole hupimwa kwanza.

Jambo la nne, ambalo mara nyingi ndilo hukata shauri, ni uendelevu. Kihisi cha siku 14 huhitajika mara 26 kwa mwaka, na cha siku 10 mara 36 au 37, bila kuhesabu vinavyong'oka. Gharama hiyo isilipwe kwa fedha za insulini wala za vijiti, kwa kuwa mtoto huweza kuishi vizuri bila kihisi, lakini hawezi kuishi bila insulini. Familia isiyomudu kihisi cha kila siku inaweza kushauriana na kliniki kukitumia kwa wiki mbili kabla ya miadi, au pale mabadiliko ya dozi yanapofanyika, ili daktari aone sukari inashuka saa ngapi usiku na inapanda baada ya chakula gani. Lengo ambalo wataalamu walikubaliana mwaka 2019 ni sukari kukaa kati ya milimoli 3.9 na 10.0 kwa angalau asilimia 70 ya muda, na chini ya 3.9 kwa muda usiofika asilimia 4, ambao ni chini ya saa moja kwa siku.

Mzazi anayekwenda kliniki kuuliza kifaa kipi kinafaa ataishi nacho kwa amani zaidi akifika na majibu ya maswali manne: nani atasikia kengele saa nane za usiku, simu inalala wapi, mtoto anatumia dawa gani nyingine, na kihisi cha mwezi wa sita kitanunuliwa kwa fedha zipi. Mtoto mwenyewe, akishafikia umri wa kueleza, aulizwe angependa kibandikwe wapi, kwa sababu ndiye atakayelala nacho, kuoga nacho na kukaa nacho darasani, huku glukomita na pakiti ya glukosi zikiwa tayari katika mkoba wake wa shule.