Mchambuzi wa mifumo ya biashara: jina la kazi na mitego yake

Katika ofisi za mawakala wa forodha mjini Tanga, anayejua kwa nini kontena limekwama bandarini mara nyingi si aliyeunda programu, bali karani aliyepitisha nyaraka hizo kwa miaka mingi. Karani huyo akitaka kuomba kazi ya kuchunguza shughuli zinakwamia wapi na mfumo wa kompyuta ufanye nini ili zisikwame, kikwazo chake cha kwanza ni cha msamiati: kazi hiyo huitwaje? (Tanga si ngeni kwa makarani wenye jicho la maneno. Shaaban Robert, mzaliwa wa huko, alitumikia idara ya forodha tangu 1926 hadi 1944.)

Istilahi inayofaa ni mchambuzi wa mifumo ya biashara. Kitenzi chambua asili yake ni kazi ya mikono: kuchambua pamba ni kuondoa mbegu, kuchambua karafuu ni kuzitenga na makonyo. Mfumo hutokana na fuma, yaani kutengeneza kitambaa kwa kupitanisha nyuzi.

Mchambuzi likisimama peke yake hupotosha. Redio na magazeti yamelizoesha kwa watoa maoni, hivi kwamba anayejitambulisha Ngamiani kuwa ni mchambuzi huenda akaulizwa habari za Coastal Union. Mchanganuzi nalo lina tatizo lake. Ingawa changanua na chambua hukaribiana sana kimaana, mchanganuo wa biashara umekwisha kuwa jina la andiko linalopelekwa benki kuombea mkopo. Mchanganuzi wa biashara, basi, hueleweka kuwa mwandishi wa andiko hilo. Mfasiri asiyabadilishe maneno haya mawili kwa ajili ya kukwepa marudio tu.

Biashara pia ina mipaka. Hospitali au halmashauri haiuzi bidhaa, na huko mchambuzi wa mifumo ya utendaji ni bora zaidi. Katika matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, kazi hii mara nyingi huwekwa chini ya cheo cha Ofisa TEHAMA. Mwombaji anayetafuta neno mchambuzi katika vichwa vya matangazo ataipita nafasi inayomfaa; asome orodha ya majukumu, hasa penye maneno kama kukusanya na kuchambua mahitaji ya watumiaji.

Neno mahitaji ndilo kiini cha kazi yenyewe, na ndilo linalochanganywa zaidi na matakwa. Mtumiaji asemapo, “Nataka kitufe cha kuchapisha hati,” hilo ni takwa. Hitaji lake laweza kuwa jingine kabisa: ofisa wa geti aione hati kabla lori halijafika. Pengine kuchapisha hakuhitajiki hata kidogo. Kazi ya mchambuzi ni kutoka katika la kwanza hadi kulifikia la pili, kwa kuuliza. Hata hivyo, katika lugha ya sheria mambo hugeuka: matakwa ya kifungu ni masharti ya lazima, wala si mapenzi ya mtu. Waraka wa mfumo wa forodha huwa na maana zote mbili, pengine katika ukurasa mmoja.

Kuhusu sarufi, sifa ikae karibu na nomino yake: mchambuzi mzoefu wa mifumo, si mchambuzi wa mifumo mzoefu. Kuhusu kuanza kazi, kuvunja na kuingia katika fani ni tafsiri sisisi inayomfanya mwombaji aonekane mwizi, na kujipenyeza kuna harufu ya hila. Kuingia katika fani kunatosha.

Wasifu wa karani nao uandikwe kwa vitenzi vya uchambuzi. “Nilikuwa karani wa nyaraka” hutaja kiti tu. Linganisha na hii: “Nilifuatilia tamko la forodha tangu ankara kupokelewa hadi mzigo kuruhusiwa, nikabainisha hatua zilizorudiwa bila sababu, nikapendekeza ziunganishwe.”